Mota ya gramu 50 na injini ya gramu 50: nimezipeleka kwa sonara hapa Tabora nikazipima

Wadau wa ndege ndogo za mfano habari zenu. Hii mada nimekaa nayo miezi kadhaa sa ngoja niimwage yote, maana swali ninaloulizwa kuliko yote ni "kaka mota gani nyepesi nichukue", na mtu akishasoma namba ya gramu kwenye tangazo anajua kamaliza kazi, anaagiza, anasubiri mwezi mzima parseli ifike Tabora, afu akiifunga kwenye ndege haipai, au inapaa inainua pua inalala na bawa. Mi mwenyewe yamenikuta. Kwahiyo nimepima kila kitu nilichonacho na vingine vya rafiki yangu wa Kigoma, na hapa natoa maoni yangu ya kila mota na kila injini kama mtu aliyezishika mkononi.

Kilichonianzisha ni mota ya A2212 ya 1000KV (KV ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja), hii wengi mnayo, ile ya rangi ya fedha yenye kengele, yani kikopo cha chuma, inayozunguka nje. Muuzaji wa mtandaoni niliyemnunulia (simtaji) aliandika gramu 38. Nikachora ndege yangu kwa hiyo 38. Mota imefika naishika mkononi naona kabisa hii siyo 38, mimi fundi simu nashika vitu vidogo kutwa nzima, mkono unajua. Nikaenda kwa shangazi yangu anauza asali, mizani yake ile ya kupimia madumu inaruka gramu 20 kwa 20, nikaweka mota ikasoma sifuri, nikaongeza mota ya pili ikasoma 100. Haina maana kwa kazi yetu hii kabisa.

Nikaenda kwa sonara. Kuna mzee mmoja mjini ana kimizani cha kioo chenye kifuniko, kinasoma mpaka alama mbili nyuma ya nukta, mwisho wake gramu 200. Nikamwambia shikamoo mzee, marahaba mwanangu, umeleta nini, nikamtolea mota. Akaigeuzageuza, akaiweka kwenye sahani. Namba ikasoma 47, ikaenda 53, ikarudi 49, haitulii. Akafunga kifuniko akidhani ni upepo wa feni, wapi. Afu akacheka kidogo akasema hii ina sumaku ndani, si ndio? Nikamwambia ndio mzee, ndani ya kengele yote ni sumaku. Akachukua kikombe cha plastiki akakifudikiza juu ya sahani, akarudisha mizani sifuri, akaiweka mota juu ya kikombe mbali na chuma cha mizani. Ikatulia palepale, 50.31. Jamani kama kuna kitu kimoja cha kuondoka nacho kwenye maandishi haya yote basi ni hicho kikombe, mota za bila brashi kama hii zina sumaku kali na sahani ya mizani au vyuma vya ndani vinavutwa, namba yako itakuwa ya uongo na wewe hutajua. Inua mota juu kwa plastiki au kipande cha mbao sentimita kumi hivi ndo usome.

Basi ile mota ni 50.31 ikiwa na waya zake tatu tu. Ya pili ya pakiti hiyohiyo 51.4. Nikaongeza ule msalaba wa kufungia na adapta ya propela na skrubu zake, ikawa 64. Unaona hapo, kutoka 38 ya kwenye tangazo mpaka 64 ya kitu kinachofungwa kweli puani, hiyo ni tofauti ya gramu 26, kwenye ndege iliyotengenezwa kwa boksi la TV ni uzito wa servo (vimota vya kusogeza usukani wa ndege) karibu tatu zile ndogo za bluu. Na bado hujarusha. ESC ya ampea 30, kile kifaa cha kuongoza mwendo wa mota, nikaipima na plagi nilizolehemu mwenyewe, gramu 31. Propela ya inchi 10 kwa 4.5, gramu 11. Betri ya seli tatu ya mAh 2200, gramu 182. Jumla 288. Kwahiyo ile mota yenyewe tunayogombania gramu zake ni kama sehemu moja ya sita tu ya mzigo wote wa kuisukuma ndege, betri ndo mwenye nyumba. Mtu anahangaika kutafuta mota iliyopungua gramu 5 huku betri zake mbili zenye jina hilohilo 2200 zinapishana gramu 15. Pima betri kwanza ndugu yangu.

Na hizi namba za mota zinachanganya watu vibaya sana. A2212 maana yake ni kiini cha ndani chenye waya za shaba kina upana milimita 22 na kimo 12. Lakini ukiona D2836 hapo wamepima nje, kengele upana 28 urefu 36. Sasa mtu anaona 22 na 28 anasema hii ya 28 kubwa sana haitaingia, wakati ile A2212 ukiipima kwa nje nayo ni kama 28 vilevile! Wauzaji wengine wanaiita D2830. Kipenyo ni kilekile, tofauti ni urefu, na urefu ndo shaba, na shaba ndo gramu na ndo nguvu.

Sasa upande wa injini za mafuta. Kanyenye, hapahapa Tabora, kuna mzee fundi redio, siku nilipoenda kuomba kipande cha waya akaniona nimebeba propela, akaniuliza unafanyia nini hiyo mwanangu, nikamweleza. Akaingia ndani akatoka na kopo la maziwa, ndani kuna injini ndogo ya Cox Babe Bee .049. Nilitetemeka. Hizi zilianza kuuzwa Marekani 1956, zilitoka kwa mamilioni, mimi nilikuwa naziona kwenye picha tu. Namba .049 ni inchi za ujazo, kwa hesabu yetu ni kama cc 0.8, yani bomba lote la pistoni halijai hata kifuniko cha soda. Kwa nyuma ina tanki lake mwenyewe la duara limeshikana na injini, linachukua cc 5 hivi. Akaniazima kwa sharti moja, nimrudishie ikiwa imepakwa mafuta.

Nikaipeleka kwa sonara ikiwa kavu bila propela. 51.7.

Hebu fikiria hapo. Mota ya umeme 50.31, injini ya mafuta 51.7 na tanki lake juu. Kwenye karatasi ni mapacha. Mi nikasema basi injini imeshinda kabisa kwa sababu haihitaji betri wala ESC, nikajaza mafuta nikapima tena, 56.0. Gramu nne na kidogo za mafuta dhidi ya gramu 182 za betri! Kilo moja ya methanoli inabeba nishati kama mara 40 ya kilo moja ya betri hizi zetu za lipo, japo injini ndogo sehemu kubwa inaitupa kama joto na kelele. Ndo maana wazee walikuwa wanarusha ndege za gramu 250 zikiwa zimekamilika.

Ila ukweli lazima usemwe wote. Ile .049 inazungusha propela ya inchi 6 tu, nguvu yake haifiki hata nusu ya A2212, haina kupunguza wala kuongeza mwendo, ikiwaka inawaka moto wote mpaka tanki liishe, dakika mbili na nusu kwangu, na baada ya hapo unateleza kimya kimya kutafuta pa kutua. Betri yangu ya 2200 inanipa dakika 11 nikiendesha kwa ustaarabu. Afu mafuta yenyewe sasa, hapa ndo penye shughuli. Yanataka methanoli, mafuta ya nyonyo kama sehemu moja ya tano, na naitromethani kidogo, bila hiyo hizi ndogo zinasumbua kuwaka. Mafuta ya nyonyo yapo madukani kwa ajili ya nywele lakini mengi yana manukato na vitu vingine, usiweke hayo, tafuta yaliyokamuliwa bila kuchanganywa. Na methanoli siyo kitu cha kuchezea, ikiingia mwilini inapofusha na kuua, na ikishika moto juani mwali wake huuoni kabisa, unashtukia tu joto mkononi. Usiibebe kwenye basi wala treni, na usiiache kwenye chupa ya maji nyumbani kwenye watoto. Mi nilipata kidogo kwa mtu mwenye uzoefu, nikawasha mara nne, nikaipaka mafuta nikairudisha Kanyenye. Sauti yake bado ipo masikioni, kama nyuki aliyekasirika ndani ya debe.

Kwa hiyo .049 naipa heshima zote kwa wepesi, ila kwa mtu wa Tabora anayetaka kurusha kila Jumapili siishauri.

Mwezi wa tisa nikapanda treni kwenda Kigoma, Urambo, Kaliua, Uvinza, unafika umechoka ila nilikuwa na kazi moja tu kichwani. Rafiki yangu kule ana O.S. 46AX ya Japani, kampuni hii inatengeneza injini za ndege za mfano tangu 1936, na hii ya .46 ni kama cc 7.5. Nilibeba mizani ya jikoni ya kilo 5 inayosoma gramu moja moja kwa sababu ile ya sonara isingeweza. Kule dukani kwao kuna mizani ya dagaa, nikajaribisha na hiyo kwa kulinganisha, ikawa inapishana na yangu gramu 5 mpaka 10, ya dagaa inatosha kwa dagaa.

Karatasi ya O.S. inasema 375 bila ekzosti, na ukiweka ekzosti yake inafika 489. Ya kwake tulivyoiweka mara ya kwanza ikasoma 497. Rafiki yangu akasema mizani yako mbovu kaka. Nikamwambia subiri, tazama hapa kwenye mapezi ya kupoozea. Ilikuwa imejaa ule utando wa kahawia wa mafuta ya nyonyo yaliyoungua, mgumu kama gundi, kila pezi, na ndani ya ekzosti kumebaki mafuta. Tukaisafisha kwa mswaki taratibu karibu saa nzima tumekaa barazani ziwa lile chini yetu, tukaipindua ekzosti ikachuruzika mafuta meusi, tukaifuta, tukapima. 489 kamili! Tulishangilia watoto wa jirani wakaja kuangalia kuna nini. Hiyo ndo kampuni ya kuamini, kilichoandikwa ndicho kilichopo, na wameandika na ekzosti bila ekzosti ili mtu ajue. Wengine wanaandika injini tupu tu, na ekzosti peke yake kwenye saizi hii ni zaidi ya gramu 110, siyo kitu cha kusahau.

Ila hata hapo usisimame kwenye 489. Weka kiti chake cha kufungia, propela ya 11 kwa 6, kofia ya mbele, unapita 580. Tanki la cc 300 likijaa ni gramu kama 250 nyingine za mafuta. Ukichukua mota ya umeme ya nguvu zinazokaribiana, ya gramu 300 hivi, na ESC yake kubwa, na betri ya seli 4 ya 4000 inayocheza kwenye gramu 400 na zaidi, unajikuta mlemle. Watu wanabishana umeme mwepesi au mafuta mepesi, kwa saizi hii ya .46 mi naona wako sawa wakati wa kuruka, tofauti inakuja wakati wa kutua, maana ndege ya mafuta inatua nyepesi gramu 250 na ya umeme inatua na betri uzito uleule ulioondoka nao, betri iliyoisha haipungui hata nusu gramu. Na kwa kuwa tanki liko mbele ya kitovu cha uzito, mafuta yakipungua mkia unaanza kuwa mzito, kwahiyo unabalansi ndege tanki likiwa tupu, siyo limejaa. Rafiki yangu alikuwa anabalansi limejaa miaka yote, ndo maana dakika za mwisho ndege ilikuwa inamsumbua.

Jambo la kwetu huku ambalo kwenye matangazo hulioni ni hewa. Tabora tuko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa Oktoba joto likifika 33 hewa yetu inakuwa nyepesi kama asilimia 14 kuliko ya Dar yenye joto la 30. Propela inakamata hewa kidogo, bawa nalo hivyohivyo. Niliifunga A2212 kwenye kibao juu ya mizani ya jikoni, betri imejaa, saa 1 asubuhi ikasukuma gramu 720, saa 8 mchana betri nyingine iliyojaa vilevile ikasukuma 680. Mota ileile, propela ileile, kibao kilekile. Ndo maana namba za Ulaya na China ukizileta huku punguza kabla hujachora ndege. Mota ya umeme ina unafuu hapa, unaiwekea propela kubwa kidogo inarudisha, ila chunga isipate moto. Injini ya mafuta yenyewe inapumua hiyohiyo hewa nyepesi, nguvu inapungua na sindano ya kupimia mafuta inabidi uirekebishe, propela haitakuokoa.

Sasa kosa langu kubwa. Nilitengeneza ndege ya mkia mrefu, mwili wa fomu ya friji na vijiti vya mishikaki ndani ya bawa, nikaweka A2212 kwa sababu ni nyepesi. Nikaibalansi, mkia unadondoka. Betri nimeisogeza mbele mpaka imegusa ukuta, bado. Nikaenda gereji nikaomba risasi za kubalansi tairi, nikabandika puani mojamoja mpaka ikakaa sawa, gramu 38 za risasi. Nikarusha, inapanda kwa shida, mchana hata kupanda haitaki. Nilikaa pale chini ya mwembe naitazama ile ndege nikaona nilichofanya, nimenunua mota nyepesi kwa hela afu nikaongeza risasi ambayo haisukumi chochote.

Nikaagiza D2836 ya 1100KV. Kwa sonara, kikombe kikiwa tayari mzee ameshanizoea, ikasoma 71.2, wameandika 70, hapo sina malalamiko. Na msalaba wake na adapta ikawa 87, gramu 23 zaidi ya ile ya kwanza. ESC nikapanda kwenda ampea 40, gramu 7 zaidi. Halafu nikaanza kubandua risasi puani, kipande kimoja, kingine, kingine, nimebandua gramu 32 mkia haujadondoka. Ndege nzima zamani ilikuwa 641, sasa hivi 639. Mota ni nzito zaidi kwa gramu 20 na ndege ni nyepesi kwa gramu 2! Na msukumo wa saa 8 mchana kwenye kibao umetoka 680 kwenda 910. Hii D2836 ndo chaguo langu kwa ndege za fomu zenye mkia mrefu, siyo rahisi kama ile ndogo, mi imenisimamia karibu mara mbili ya bei, na inakula betri, dakika 11 zimekuwa 8, ila inapanda mchana wa Oktoba bila kulalamika. A2212 naiacha kwa mabawa yanayoruka bila mkia na ndege za pua ndefu, huko ni nzuri sana na hela yake ni halali.

Kabla hujarusha chochote ulizia utaratibu wa vibali kwa TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na kaa mbali na uwanja wa ndege, sisi huku uwanja uko jirani na mji kwahiyo tunatoka kabisa nje ya mji kwenye mashamba yaliyovunwa.

Na mkitaka kunitumia vipimo vya mota zenu ili nilinganishe, andikeni mmepima na nini, na waya au bila, na msalaba au bila, na kama mliweka kikombe. Rafiki yangu wa Kigoma kashanunua kimizani chake, jana usiku kanitumia picha, kaifudikizia bakuli la plastiki juu yake na 46AX imekaa juu, 489, nikamwambia kaka hiyo haina sumaku bakuli la nini, akasema liache likae.